Pembe ya msuguano ni digrii 40, lakini nguzo inazama: msaada kuhusu mchanga wa chokaa wa baharini

Bint_Pangani aliandika:

Wakubwa wa jukwaa hili, shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi. Mradi wangu wa kuhitimu unahusu nguzo za chuma za gati dogo, mahali ambapo sakafu ya bahari ni mchanga mweupe uliotokana na matumbawe, makombe na magamba ya konokono. Nilikusanya sampuli wakati maji yamekupwa, nikazipeleka maabara na kuzipima katika kisanduku cha mkato, kifaa kinachokata sampuli ya udongo kwa kusukuma nusu yake moja juu ya nyingine. Pembe ya msuguano, yaani kipimo cha jinsi chembe zinavyokinza kuteleza, ilitoka digrii 40, wakati mchanga wa mtoni nilioupima wiki hiyo hiyo kwa ajili ya kulinganisha ulitoa digrii 34. Nikaamini kwamba nimepata udongo bora kuliko ule unaosifiwa na mafundi wote.

Kisha nikafanya hesabu ya kawaida ya vitabuni: mbano wa pembeni unaoishika nguzo ni sehemu fulani ya uzito wa udongo ulio juu, na mbano huo huzidishwa kwa tanjenti ya pembe ya msuguano kati ya chuma na mchanga. Nguzo yangu ina kipenyo cha mita 0.6 na imeingia mita 15. Nilichukua uzito wa udongo ndani ya maji kuwa kilonyutoni 7 kwa mita ya ujazo, mgawo wa mbano 0.8, na digrii 30 kati ya chuma na mchanga. Msuguano wa wastani ubavuni ulitoka kilopaskali 24, na jumla yake kilonyutoni zipatazo 685, kabla hata sijahesabu ukinzani wa ncha.

Msimamizi wangu aliitazama karatasi hiyo kwa muda, akaniuliza swali moja: nimesoma habari za North Rankin? Sikuwa nimezisoma. Nilipozitafuta nilikuta kwamba hilo ni jukwaa la gesi lililosimamishwa mwaka 1982 kaskazini-magharibi mwa Australia, mahali ambapo maji yana kina cha mita 125. Nguzo zake zilikusudiwa kwenda zaidi ya mita 100 ndani ya udongo wa chokaa, na ilitarajiwa kwamba udongo huo ungezikinza kama unavyokinza mchanga mwingine ulioshindiliwa. Badala yake zilishuka kwa wepesi usiotarajiwa, nyingine zikaporomoka makumi ya mita kwa uzito wao wenyewe pasipo kupigwa nyundo, na baadaye ikabidi msingi uimarishwe ilhali jukwaa limekwisha simama juu yake.

Ninachoshindwa kukielewa ni hiki: ikiwa msuguano ni mbano mara tanjenti ya pembe, na pembe ni kubwa, msuguano ule ulikwenda wapi? Na je, kisa cha bahari ya wazi yenye vimbunga kinahusu kweli gati dogo la pwani yetu, au msimamizi ananitisha tu?

---

MzeeWaGati alijibu:

Marahaba, binti. Umetaja vitu viwili vinavyozidishana, kisha ukauliza habari za kimoja tu. Pembe ipo pale pale ulipoiacha. Kilichotoweka ni mbano.

Anza na chembe yenyewe. Mchanga unaoletwa na mto kama Rufiji una kwatzi nyingi, nayo ni madini magumu, daraja la 7 katika kipimo cha Mohs. Mchanga wako ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, ambayo ikiwa katika umbo la kalisiti iko daraja la 3. Tena kwatzi ya mtoni imesafiri na kusuguana hata ikawa punje iliyojaa, ilhali chembe yako ni kipande cha nyumba ya mdudu wa baharini: ina vyumba ndani, ina kuta nyembamba, ina ncha na mikunjo. Ukiumimina kwenye chombo, chembe hizo hushikana kwa ncha zake na kuacha nafasi tupu nyingi kati yake, na juu ya hizo kuna nafasi nyingine ndani ya chembe zenyewe. Ndiyo sababu uzito wa mchanga wako ndani ya maji ni kilonyutoni 7 tu. Na ncha hizo hizo zinazokamatana ndizo zilizokupa digrii 40. Mchanga huu hauna udhaifu katika kusuguana, udhaifu wake uko katika kuvunjika.

Wazee wetu waliijua tabia hii kwa njia yao. Wajenzi wa kale wa pwani walikata mawe ya matumbawe hai chini ya maji, yakiwa bado laini, wakayachonga mihirabu na miimo ya milango, nayo yakakauka na kuwa magumu hewani. Jiwe linalochongeka kwa patasi likiwa limelowa ndilo ambalo sisi tunalipiga kwa nyundo ya tani kadhaa na kutaraji livumilie.

Sasa njoo kwenye mbano. Nguzo inaposhuka, utepe mwembamba wa mchanga uliogusana nayo hukatwa na kusagwa. Mchanga wa kwatzi ulioshindiliwa, ukikatwa, chembe zake hupandiana na utepe huo hutaka kutanuka. Udongo wa nyuma yake huuzuia, na kwa kuzuia huko mbano juu ya nguzo huongezeka. Mchanga wa chokaa hufanya kinyume. Chembe huvunjika, vipande vyake huingia katika nafasi tupu, utepe husinyaa, na udongo wa nyuma yake haukimbilii kuja kuijaza nafasi hiyo.

Kiasi cha mbano kinachopotea kinaweza kukadiriwa. Udongo unaoizunguka nguzo ni kama springi ambayo ukakamavu wake ni mara nne ya moduli ya mkato (kipimo cha jinsi udongo unavyokinza kupindwa umbo) ikigawanywa kwa kipenyo cha nguzo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba moduli ya mkato ni megapaskali 20 na nguzo ina kipenyo cha mita 1. Springi hiyo itakuwa na ukakamavu wa kilopaskali 80 kwa kila milimita. Katika kina cha mita 10 kwenye mchanga wako, uzito wa udongo ulio juu ni kilopaskali 70, na mbano wa pembeni kabla nguzo haijafika huenda ukawa nusu ya hapo, yaani 35. Gawanya 35 kwa 80. Utepe ule ukisinyaa chini ya nusu milimita, mbano wote umekwisha. Zidisha sifuri kwa tanjenti ya pembe yoyote unayoipenda.

Kisha angalia kwamba springi hiyo ina kipenyo chini ya mstari wa kugawanya. Nguzo yako ya mita 0.6 ina springi kali zaidi, kilopaskali 133 kwa milimita, kwa hiyo nguzo nyembamba ndiyo inayoadhibiwa zaidi na usinyaaji ule ule.

Zaidi ya hayo, mchanga ulio katika kina cha mita 3 hauguswi mara moja. Kila pigo la nyundo hupitisha kipande kingine cha nguzo mbele yake, kwa hiyo hadi ncha inapofika mita 15 mchanga ule umekwisha kusagwa na mamia ya mapigo. Msuguano huchoka. Hesabu yako imeuchukulia kila mchanga kana kwamba nguzo ilitua pale kwa upole, ikasimama.

Ukiuliza nguzo za kupigilia katika mchanga wa chokaa usioganda hupata kiasi gani, utaona wahandisi waangalifu wakitumia kilopaskali 10 hadi 20, wakati kanuni za zamani za majukwaa ya mafuta ziliruhusu hadi karibu 100 katika mchanga wa kwatzi ulioshindiliwa vizuri. Kwa kilopaskali 10, kilonyutoni zako 685 zinashuka hadi 283.

---

Fundi_Mkoani alijibu:

Mimi si mhandisi wa hesabu, nimefanya kazi ya kupigilia nguzo kwa miaka mingi katika visiwa vyetu, na ninaomba kueleza nilichokiona kwa macho, kwa sababu kinakubaliana na maneno ya mzee.

Tulikuwa tunajenga gati moja dogo ambalo sitalitaja. Wapimaji walikuja, wakachimba tundu moja upande wa nchi kavu na kurudi wakisema chini kuna mwamba. Ni kweli, mwamba ulikuwapo. Nguzo ya kwanza ilipofika kwenye mwamba huo nyundo ya dizeli ikaanza kuruka vizuri, tukawa tunahesabu mapigo kwa kila sentimita 25, na mapigo yakawa mengi hata msimamizi akatabasamu na kusema kwamba tumefika. Lakini michoro ilitaka mita nne zaidi, nasi tukaendelea. Yalipigwa mapigo kama ishirini hivi, kisha nguzo ikaondoka. Nasema ikaondoka kwa sababu sina neno jingine: nyundo ilibaki juu ikining'inia kwenye winchi, na nguzo ikashuka peke yake kama mita tano, mnyororo ukapiga kelele, na kijana aliyekuwa ameshika kamba ya kuongozea alinusurika kwa kuwa aliiachia upesi.

Baadaye tuliposhusha fimbo ya chuma kwa maji ya pampu tulikuta kwamba ule mwamba ulikuwa ganda la unene wa mita mbili hivi, na chini yake mchanga mlaini uliojaa makombe mazima, fimbo ikizama kama inayoingizwa kwenye uji. Tuliunganisha vipande vya nguzo kwa kulehemu kwa wiki tatu, maji yakitutoa jukwaani mchana siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), na hata hivyo hatukupata tena mapigo kama yale ya juu. Nguzo zilizokuwa pembeni yake, umbali wa mita sita tu, hazikuporomoka kabisa.

Ushauri wangu ni mmoja. Mahali penye mwamba wa matumbawe, tundu moja la uchunguzi halitoshi, na mapigo mengi ya nyundo yasikufanye utangaze kwamba umefika mpaka ujue kilichopo chini ya hapo uliposimama.

---

JongooBahari alijibu:

Salamu kutoka Uholanzi, ambako nafanya kazi katika ofisi inayosanifu misingi ya mitambo ya upepo ya baharini. Maelezo ya MzeeWaGati ni sahihi, na alichokiona Fundi kiliwahi kutokea kwingine: mwaka 1968, kwenye jukwaa la Lavan upande wa Iran katika Ghuba, nguzo ilipenya tabaka lililoganda kisha ikaanguka yenyewe katika mchanga wa chokaa uliokuwa chini yake. Miaka 14 ikapita kabla ya North Rankin. Onyo lilikuwapo, ila lilikuwa limeandikwa katika bahari nyingine.

Hata hivyo napenda kuongeza mambo mawili ambayo mzee ameyapita haraka, na katika la pili natofautiana naye.

La kwanza ni kuganda. Mchanga wa chokaa haukai mlegevu daima, kwa kuwa maji yaliyobeba chokaa hupita kati ya chembe na kuzigundisha, sehemu nyingine kidogo, sehemu nyingine mpaka ukawa mwamba kamili, bila mpangilio unaoweza kukisiwa kutoka juu. Baada ya North Rankin ungedhani kwamba hatari pekee ni nguzo kushuka kwa wepesi. Jukwaa la Goodwyn A, katika eneo hilo hilo la Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilionyesha hatari ya upande wa pili: nguzo zilipigiliwa katika tabaka zilizoganda, ncha zake zikapindika kidogo, na kila pigo lililofuata likaendeleza mpindiko huo hata mabomba yakabonyea ndani kabisa ya ardhi, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema suluhisho ni kutumia bomba la kuta nyembamba na kulipiga zaidi, muulize kuhusu Goodwyn.

La pili ni mzigo wa kwenda na kurudi, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mzee, kwa kuwa amezungumzia kupigilia peke yake. Usinyaaji ule hauishi nyundo inapoondolewa. Wimbi linapousukuma muundo huku na kule, utepe ule ule hukatwa mbele na nyuma, na kila mzunguko husaga kidogo na kusinyaa kidogo. Mzigo unaobadili mwelekeo, mara kuvuta mara kusukuma, huharibu zaidi kuliko ule unaopanda na kushuka upande mmoja. Bint_Pangani ameuliza kama kisa cha bahari ya vimbunga kinamhusu. Pwani ya Tanzania na Kenya haiko katika njia ya kawaida ya vimbunga, ingawa Hidaya kilifika karibu na Mafia mwezi Mei 2024, na mawimbi ya kusi ndani ya miamba ya matumbawe ni madogo yakilinganishwa na yale ya Australia. Lakini gati lina mizigo yake ya kwenda na kurudi: vyombo vinavyogonga wakati wa kufunga, kamba zinazovuta, na maji yanayopanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Kwa gati, nyingi kati ya nguvu hizo ni za mlalo, nazo hubebwa na mita chache za juu za udongo, yaani pale pale ambapo mchanga ni mlegevu na mkondo wa maji huuchota kuzunguka nguzo. Kwa hiyo msimamizi wako hakutishi. Ni kweli kwamba hatari yako si ile ile ya North Rankin, ila inatokana na mchanga wa tabia moja.

Kuhusu suluhisho, njia iliyozoeleka tangu wakati ule ni nguzo za kuchimbiwa na kumiminiwa rojo la saruji. Tundu huchimbwa kwanza, bomba la chuma hushushwa, kisha rojo hujaza nafasi iliyobaki kati ya bomba na udongo. Hakuna mchanga uliosagwa na nyundo, rojo lenyewe linasukuma ukuta wa tundu kwa uzito wake likiwa bado bichi, na ukuta huo una mabonde na vilima ambavyo saruji hushikana navyo. Katika mwamba wa chokaa ulioganda kiasi, msuguano unaweza kufikia mamia ya kilopaskali. Ubaya wake ni bei na muda, na kwamba katika mchanga mlegevu tundu hubomoka usipolishikilia kwa bomba la muda au kwa tope la bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba majini. Fundi atakueleza vizuri zaidi yangu jinsi kazi hiyo inavyokuwa juu ya jahazi la kazi linaloyumba.

Kuna pia misingi isiyotegemea kupigiliwa kabisa. Jukwaa la Draupner E katika Bahari ya Kaskazini lilisimamishwa mwaka 1994 juu ya ndoo za chuma zilizofudikizwa, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 12 na kuta za mita 6. Maji hupampiwa nje, shinikizo ndani hupungua, na uzito wa bahari iliyo juu huisukuma ndoo ardhini. Ukipunguza shinikizo kwa kilopaskali 100 tu, kifuniko cha kipenyo hicho hupokea nguvu ya karibu kilonyutoni 11,300, sawa na kuweka juu yake zaidi ya tani 1,100. Ni ubunifu ninaoupenda sana, na ndiyo sababu nautaja ingawa haukufai wewe: kwenye gati la maji mafupi huna bahari ya kutosha juu ya kifuniko, na ganda moja la matumbawe kama lile la Fundi lingeisimamisha ndoo hapo hapo.

Jambo la mwisho, kwa sababu nimeona kosa hili likirudiwa hata huku. Kifaa cha koni kinachosukumwa ardhini kwa milimita 20 kwa sekunde ni kizuri sana, lakini majedwali yanayogeuza namba zake kuwa ushindiliaji wa mchanga yalitengenezwa kwa mchanga wa kwatzi. Katika mchanga wa chokaa koni husaga chembe inapopita, hupata ukinzani mdogo, na jedwali litakuambia kwamba mchanga ni mlegevu hata kama umeshindiliwa. Kila kanuni hubeba udongo wa mahali ilipozaliwa. Sisi wa mitambo ya upepo tulikuwa na shida ya aina hiyo hiyo: mikondo ya grafu tuliyotumia kukadiria jinsi nguzo inavyolalia mchanga ilitokana hasa na majaribio ya kisiwa cha Mustang, Texas, yaliyofanywa kwa nguzo za kipenyo cha mita 0.61, nasi tukawa tunaitumia kwa nguzo za mita 6 na zaidi. Ilibidi ufanyike utafiti mwingine mkubwa, uitwao PISA, wenye majaribio ya uwanjani Cowden nchini Uingereza na Dunkirk nchini Ufaransa, ili kuzirekebisha hesabu hizo.

---

Bint_Pangani aliandika:

Nawashukuru sana, na Fundi, pole kwa siku ile.

Sasa nimeelewa kosa langu, ila nimebaki na tatizo la kivitendo. Chuo chetu hakina vifaa vya kupima mchanga huu kwa namna mnayoieleza. Ninacho kisanduku cha mkato cha milimita 60 kwa 60, chekecheo, mizani, tanuri na saa za kupimia msogeo. Je, kuna jambo la maana ninaloweza kulifanya na vifaa hivyo, au niandike tu kwamba vipimo vyangu havifai?

Jambo jingine dogo. Nilikamulia limau kwenye mchanga wangu, ukatoa povu mara moja. Ule wa mtoni haukutoa kitu. Je, hilo linatosha kuuita mchanga wa chokaa?

---

JongooBahari alijibu:

Limau limekuambia kwamba kaboneti ipo. Halikukuambia ni kiasi gani, na mchanga wenye asilimia 30 ya makombe hutoa povu sawa na wenye 95 machoni pa mtu. Pima gramu 100 zilizokaushwa, mimina asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa kidogo kidogo mpaka povu liishe kabisa, osha, kausha, pima tena. Kilichopotea kwa sehemu kubwa ndicho kaboneti. Fanya hivyo kwa sampuli kadhaa za kina tofauti, kwa sababu kiasi cha magamba usoni pa sakafu ya bahari kinaweza kuwa tofauti na cha chini.

Kuhusu kisanduku, usikitupe. Fikiri kwanza kwa nini kilikudanganya. Mbano katika kisanduku chako hutolewa na mawe ya mzani yanayoning'inia kwenye mkono wa chuma. Sampuli iliposinyaa, mawe yaliifuata yakashuka nayo, na mbano ukabaki ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisanduku kiliupa mchanga wako kitu ambacho nguzo haitaupa kamwe, yaani mkandamizaji anayeufuata kila unaporudi nyuma.

Rudia kipimo kwa njia ya pili. Weka saa ya msogeo wa wima mbele yako, na kila sindano inapoonyesha kwamba kifuniko kinashuka, ondoa mzigo kidogo mpaka irudi mahali pake. Hapo unapima mkato kwa ujazo usiobadilika, ambao ni sawa na springi isiyobonyea hata kidogo. Kazi hiyo inachosha na inataka watu wawili, mmoja asome na mwingine aondoe mawe, lakini utaona mbano ukiyeyuka mbele ya macho yako huku uwiano wa msuguano na mbano ukibaki karibu na ule wa digrii 40. Ukweli wa nguzo halisi uko kati ya vipimo hivyo viwili.

Ukipata fundi wa karakana, unaweza kukaribia zaidi. Eneo la sampuli yako ni mita za mraba 0.0036. Kwa springi ya mfano wa mzee, kilopaskali 80 kwa milimita, unahitaji ukakamavu wa nyutoni 288 kwa milimita. Boriti fupi ya chuma iliyowekwa juu ya kifuniko badala ya mawe inaweza kutoa ukakamavu huo. Kwa kipenyo cha nguzo yako wewe, 0.6, lenga karibu nyutoni 480.

Na kabla ya yote, chekecha kila sampuli kabla ya kukata na baada ya kukata, kisha chora mikondo yote miwili ya ukubwa wa chembe kwenye karatasi moja. Ukifanya hivyo kwa mchanga wa mtoni na wa chokaa, kwa mbano wa kilopaskali 50, 100 na 200, pengo kati ya mikondo litaeleza zaidi ya kurasa zako kumi.

---

MzeeWaGati alijibu:

Nakubaliana na hayo yote, na nimekubali pia kusahihishwa kuhusu mzigo wa kwenda na kurudi. Naongeza tahadhari moja, maana nimeona vijana wakisoma habari za Australia kisha wakaiona chokaa kila mahali.

Pwani yetu si udongo mmoja. Mbele ya mwamba wa matumbawe na kwenye fukwe nyeupe za visiwani, mchanga ni wako huo. Lakini kila mdomo wa mto na kila hori hukatiza mwamba, na hapo utakuta kwatzi ya bara, tope la mikoko, udongo wa mfinyanzi, na mara nyingi mchanganyiko wa vyote. Karibu na delta ya Rufiji ukitumia kilopaskali 10 kwa hofu ya North Rankin, utakuwa umempotezea mwenye gati fedha bila sababu. Kwa hiyo namba za asidi zitangulie katika taarifa yako, zikifuatana na ramani ya mahali ulipochukua kila sampuli.

Tena umesema ulikusanya mchanga maji yamekupwa. Huo ni mchanga wa juu kabisa, uliopepetwa na mawimbi, na umeutumia kuhesabu nguzo yenye urefu wa mita 15. Waombe wenye boti wakupeleke, na Fundi hapo juu amekwisha kukueleza namna ya kushusha fimbo kwa maji ya pampu. Haitakupa sampuli safi, ila itakuonyesha kama kuna ganda, lina unene gani, na kama linaendelea hadi kwenye nguzo ya mwisho ya mchoro wako.

---

Fundi_Mkoani alijibu:

Binti, fimbo iwe bomba la nusu inchi, vipande vya mita tatu vyenye nyuzi za kuunganisha, na pampu ndogo ya petroli inatosha. Nenda maji mafu, si bamvua, la sivyo mkondo utaipinda fimbo na utadhani umegonga mwamba. Ukisikia inakwaruza halafu ghafla inazama, andika kina hapo hapo kabla hujaivuta, kisha sogea mita mbili, ujaribu tena.

---

Bint_Pangani aliandika:

Nimeandika yote. Maji mafu ni wiki ijayo, na msimamizi amekubali kuja botini. Nitaleta mikondo ya chekecheo hapa ikikamilika, ya kabla na ya baada.